Mkongwe anapoondoka kabla ya mkataba kuisha: mwongozo wa kupiga hesabu ya ukomo wa mishahara NHL

Juni 2016 Pavel Datsyuk alitangaza kwamba anarudi kwao Urusi. Alikuwa ameichezea Detroit Red Wings, klabu ya NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, misimu 14, amenyanyua Kombe la Stanley mara mbili, na mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mmoja. Hakuondoka na senti ya mtu: mshahara wa msimu ule wa mwisho, dola milioni 5.5, aliuacha mezani. Ungedhani Detroit imepona. Wapi! Kwenye vitabu vya ligi jina lake lilibaki palepale, na pembeni yake dola milioni 7.5 ambazo klabu isingemlipa yeye wala isingeweza kumpa mtu mwingine.

Miaka mitano kabla ya hapo, klabu hiyohiyo, beki Brian Rafalski alistaafu akiwa na miaka 37. Naye alikuwa amebakiza msimu mmoja, wa dola milioni 6. Siku alipostaafu, zile milioni 6 zilifutika kama hazikuwahi kuandikwa.

Wote wakongwe, klabu moja, kila mmoja amebakiza msimu mmoja. Mmoja kaacha mzigo, mwenzake hakuacha kitu. Mashabiki wa hoki ya barafu hubishana juu ya jambo hili kila majira ya joto, na wengi hukosea kwa sababu huangalia umri wa mchezaji siku anayoaga. Umri wa siku ile hauna kazi yoyote. Kinachoamua ni namna mkataba ulivyoandikwa, miaka mingi nyuma, na neno moja analotumia mchezaji kuondokea. Ukishika hayo mawili, unaweza kupiga hesabu mwenyewe kabla ya watangazaji hawajamaliza kusoma habari. Chukua kalamu.

Maneno matatu kabla ya hesabu

Msimu wa 2004-05 haukuchezwa kabisa. Wamiliki wa klabu walifunga milango wakitaka mishahara iwekewe mpaka, wachezaji wakakataa, na mwisho wachezaji ndio waliolegea. Makubaliano ya 2005 yakaleta kikomo cha juu cha jumla ya mishahara ya kila klabu: dola milioni 39 kwa msimu wa 2005-06. Tukiite dari. Msimu ambao Datsyuk aliuacha, 2016-17, dari ilikuwa milioni 73, na 2025-26 imefika milioni 95.5. Dari hii ni zege. Kwenye kikapu cha NBA tajiri anaweza kuvuka mpaka akalipa kodi ya anasa na maisha yakaendelea. NHL hakuna mlango huo.

Chini kuna sakafu, kiasi ambacho kila klabu lazima ikifikie hata kama mwenye klabu ni bahili. 2016-17 ilikuwa milioni 54. Iweke sakafu akilini, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wanunue mikataba ya wachezaji ambao hawatacheza tena.

Neno la tatu ni wastani, na hapa ndipo pa kutulia. Ligi haihesabu mshahara unaolipwa mwaka huu. Inachukua jumla ya fedha zote za mkataba, bonasi za kusaini zikiwemo, inagawa kwa idadi ya miaka, na jibu hilo ndilo linalokaa chini ya dari kila msimu. Mkataba wa Datsyuk ulikuwa wa miaka 3: milioni 10, kisha 7, kisha 5.5. Jumla 22.5, gawa kwa 3, unapata 7.5. Ndiyo maana msimu ambao angelipwa 5.5 ulihesabiwa 7.5. Kila unapoona namba mbili tofauti kwenye habari ya mchezaji mmoja, mojawapo ni mshahara na nyingine ni wastani, na mwandishi amesahau kukueleza ipi ni ipi.

Hatua ya kwanza: tafuta tarehe ya kuzaliwa, kisha Juni 30

Swali la kwanza: je, mchezaji alikuwa ametimiza miaka 35 kufikia Juni 30 kabla ya msimu ambao mkataba unaanza kufanya kazi? Soma tena. Si siku ya kutia sahihi. Ni Juni 30 kabla mkataba haujaanza.

Datsyuk alizaliwa Julai 20, 1978. Alitia sahihi Juni 2013, akiwa na miaka 34. Lakini mkataba ule ulikuwa wa nyongeza, ulianza msimu wa 2014-15, na Juni 30, 2014 alikuwa na 35 na miezi kumi na moja. Amenasa. Chris Pronger wa Philadelphia Flyers vilevile: alizaliwa Oktoba 10, 1974, akasaini Julai 2009 akiwa na 34, mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 34.55 ulioanza 2010-11. Juni 30, 2010 alikuwa na 35. Amenasa naye.

Rafalski je? Alizaliwa Septemba 1973, akasaini mkataba wa miaka 5 majira ya joto ya 2007, na Juni 30 mwaka ule alikuwa na 33. Alizeeka ndani ya mkataba, hakuuanza akiwa mzee. Ndiyo tofauti yote kati yake na Datsyuk.

Mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja ukianguka kwenye kanuni hii ya miaka 35, wastani wake unakaa kwenye hesabu ya klabu mpaka mwisho, mchezaji awepo asiwepo. Akistaafu, unahesabiwa. Akiamua kukaa nyumbani, unahesabiwa: kipa Tim Thomas alifanya hivyo 2012, akasema anapumzika msimu mzima, Boston Bruins ikamsimamisha bila mshahara, na zile milioni 5 za wastani zikabaki palepale. Ukimpeleka ligi ndogo unapunguziwa dola 100,000, ambazo kwenye hesabu za namna hii ni hela ya vocha. Ukivunja mkataba kwa kumlipa, hupati nafuu. Upenyo ni majeruhi wa muda mrefu, na tutaufikia.

Kanuni hii haikuja kwa uchoyo. Bila hiyo, klabu ingemwandikia mzee wa miaka 36 mkataba wa miaka 5, fedha zote zikalipwa miaka miwili ya mwanzo, wastani ukashuka, kisha mzee akastaafu kwa wakati uliopangwa. Kila mtu angefanya hivyo.

Mwaka 2020 kanuni ililegezwa, na wengi hawajaizoea. Siku hizi mkataba wa mchezaji wa miaka 35 au zaidi unanasa tu kama malipo yake yanaanza makubwa kisha yanapungua, au kama una bonasi ya kusaini katika mwaka wowote baada ya ule wa kwanza. Malipo yakiwa sawa kila mwaka au yakipanda, bila bonasi hizo, mzee akistaafu klabu iko huru. Kwa hiyo kwa mikataba mipya usiishie kwenye umri. Fungua jedwali la malipo uone linashuka au la.

Hatua ya pili: hesabu miaka ya mkataba, kisha tazama umbo la malipo

Kama hajanasa kwenye hatua ya kwanza, usishangilie bado. Angalia urefu. Mkataba wa miaka 6 kushuka chini: mchezaji akistaafu, wastani unatoka, habari imeisha. Rafalski alikuwa hapa. Mkataba wa miaka 7 au zaidi, ambao mwanzo ulilipa zaidi ya wastani, unaleta kitu kingine: marejesho.

Historia yake ni ya ujanja. Kati ya 2005 na 2012 hakukuwa na mpaka wa urefu wa mkataba. Mameneja wakagundua kwamba ukiongeza miaka mingi ya malipo kiduchu mwishoni, wastani unashuka. Kila mtu alijua kuwa ile miaka ya mwisho ni ya kujazia karatasi. New Jersey Devils walivuka mpaka 2010: walimpa Ilya Kovalchuk miaka 17 kwa dola milioni 102, ligi ikaukataa mkataba na msuluhishi akaiunga mkono ligi. Wakaandika mwingine, miaka 15 kwa milioni 100, ukapita. Makubaliano mapya ya Januari 2013 yakafunga mlango: miaka 8 kwa anayebaki klabuni kwake, 7 kwa anayehamia kwingine, na mpaka wa malipo kupanda na kushuka. Lakini hayakuisamehe mikataba iliyokuwa tayari imesainiwa.

Hesabu ya marejesho ni hii. Jumlisha fedha ambazo klabu imekwisha kumlipa mchezaji. Toa wastani wa mkataba mara miaka aliyocheza. Kinachobaki ni faida ambayo klabu iliipata chini ya dari. Gawa faida hiyo kwa miaka iliyobaki kwenye mkataba. Jibu linakaa kwenye hesabu ya klabu kila msimu mpaka mkataba ungeisha.

Jaribu kwa Kovalchuk. Julai 2013, akiwa na miaka 30 tu, alistaafu kutoka NHL akarudi Urusi. Alikuwa amelipwa milioni 6, 6 na 11, jumla 23. Wastani wake ulikuwa milioni 6.67, mara misimu 3 ni 20. Faida: milioni 3. Miaka iliyobaki: 12. Milioni 3 gawa kwa 12 ni dola 250,000 kwa mwaka, na Devils walizibeba mpaka 2024-25. Kidogo, eti? Ndiyo, kwa sababu aliondoka mapema mno, kabla ya miaka ile ya milioni 11 na ushee kuwafanya wapate faida kubwa. Mkataba uliosemwa vibaya kuliko yote katika historia ya ligi ukaacha adhabu ambayo haimtoshi hata mchezaji wa akiba.

Sasa pindua upande wa pili. Beki Shea Weber alisaini miaka 14 ya dola milioni 110 mwaka 2012, wastani milioni 7.857. Nashville Predators walimlipa milioni 14 kila msimu kwa misimu 4, kisha Juni 2016 wakampeleka Montreal Canadiens. Faida ya Nashville: 56 toa 31.43, yaani milioni 24.57. Kama Weber angestaafu akiwa amebakiza mwaka mmoja, Nashville ingebeba milioni 24.57 zote katika msimu mmoja, kwa ajili ya mtu aliyeondoka kwao miaka mingi nyuma. Klabu ingebaki uchi. Ligi yenyewe iliona hilo ni wazimu, na 2020 ikawekwa kanuni kwamba marejesho ya mwaka mmoja hayawezi kuzidi wastani wa mkataba wenyewe.

Mfano wa Weber unaonyesha mambo mawili ambayo watu huyapitia haraka. Marejesho yanaogopesha zaidi mchezaji anapoondoka karibu na mwisho, kwa kuwa faida ileile inagawanywa kwa miaka michache. Na marejesho humfuata aliyefaidi, hata kama mchezaji kaisha kuhama mara tatu.

Luongo, kwa kalamu

Mfano mzuri wa kufanyia zoezi ni kipa Roberto Luongo, kwa sababu klabu mbili ziligawana mzigo. Vancouver Canucks walimpa miaka 12 ya dola milioni 64 kuanzia 2010-11. Wastani: milioni 5.333. Malipo: milioni 10 mwaka wa kwanza, takriban 6.714 kila mwaka kwa miaka 7, kisha 3.382, 1.618, 1 na 1.

Machi 2014 alikwenda Florida Panthers, na Vancouver wakakubali kuendelea kubeba asilimia 15 ya mkataba. Juni 2019, akiwa na miaka 40, akastaafu. Ilibaki misimu 3.

Upande wa Vancouver: misimu 4 ya mwanzo walimlipa karibu milioni 30.1 huku wastani ukiwa 21.3. Faida ni kama 8.8. Toa kipande cha Machi na Aprili 2014 ambacho ni cha Florida, ongeza asilimia 15 ya ziada ya misimu 4 iliyofuata, punguza asilimia 15 ya msimu wa mwisho ambao mshahara ulikuwa chini ya wastani. Unafika karibu milioni 9.1. Gawa kwa 3: zaidi kidogo ya milioni 3.03 kwa msimu. Florida, kwa hesabu hiyohiyo, walibeba kama milioni 1.09 kwa msimu.

Angalia ile asilimia 15 ya msimu wa mwisho. Mshahara unaposhuka chini ya wastani, kila msimu anaocheza mchezaji unaipunguzia klabu deni. Ndiyo maana mashabiki wa Vancouver walimwombea Luongo, aliyekwisha kuwa kipa wa watu wengine, aendelee kudaka.

Mimi nawaonea huruma Vancouver. Ligi yenyewe iliupitisha mkataba ule 2009, kisha ikaja kuuadhibu kwa sheria ya 2013. Kwa misimu mitatu kuanzia 2019-20, dari ilipokuwa imeganda kwenye milioni 81.5, walibeba milioni 3 za kipa ambaye hakuwavalia jezi tangu 2014.

Hatua ya tatu: sikiliza neno analotumia

Sasa rudi kwenye tangazo lenyewe, usome kama wakili. "Nastaafu" ni neno lenye gharama. Anayesema hivyo anasamehe mshahara uliobaki na anawasha kanuni za hatua mbili za kwanza. Kwa mchezaji aliyebakiza miaka ya milioni moja moja, kusema neno hilo ni kuiumiza klabu huku naye akipoteza fedha. Kwa hiyo wengi hawalisemi.

Henrik Zetterberg, nahodha wa Detroit, ndiye mfano wangu wa darasani. Mkataba wake wa miaka 12 ulikuwa wa dola milioni 73, wastani 6.083. Septemba 2018 mgongo ulikuwa umekwisha, na ilitangazwa kwamba hatacheza tena. Kufikia hapo alikuwa amelipwa milioni 67.65 kwa misimu 9, wakati wastani wa misimu hiyo ni 54.75. Faida: 12.9. Miaka iliyobaki: 3. Neno "nastaafu" lingeipa Detroit marejesho ya milioni 4.3 kila msimu, na yeye angepoteza milioni 5.35. Hakulitamka. Aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu mpaka mkataba ukaisha wenyewe.

Orodha hiyo ni ya mchezaji anayetarajiwa kukosa angalau mechi 10 na siku 24. Wengi hudhani inamwondoa mtu kwenye hesabu. Haimwondoi. Wastani wake unabaki, ila klabu inaruhusiwa kuvuka dari kwa kiasi chake pale inapohitaji nafasi hiyo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mtunza hesabu wa klabu anaijua kila siku ya msimu: klabu inayoishi juu ya dari kwa njia hii haiwezi kujiwekea akiba ya nafasi kidogo kidogo kama wenzake. Kanuni za orodha hii zimekazwa tangu msimu wa 2025-26, ambao pia ndio wa kwanza klabu kubanwa na dari hata kwenye mechi za mtoano.

Je, ni udanganyifu? Zetterberg alikuwa mgonjwa kweli. Marián Hossa wa Chicago Blackhawks, aliyeacha kucheza 2017 kwa ugonjwa wa ngozi, alikuwa mgonjwa kweli. Lakini inashangaza kidogo jinsi wagonjwa wenye mikataba mirefu walivyokuwa na mshahara wa dola milioni moja mwaka unaofuata. Sisemi zaidi.

Neno jingine ni "tumekubaliana kuvunja". Hapa mchezaji na klabu wanaachana kwa hiari: jina linapitishwa kwanza kwa klabu nyingine zote, hakuna anayemchukua, mkataba unafutwa. Kwa kijana mwenye mkataba mfupi wastani unatoka wote. Kwa mkataba ulionasa kwenye kanuni ya miaka 35, hautoki. Mbona nasisitiza? Subiri nimrudie Kovalchuk.

Na kuna klabu yenyewe kumlipa mchezaji aondoke. Hili si mchezaji kuondoka mapema, lakini habari huchanganywa. Kwa aliyefikisha miaka 26, klabu hulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, zikisambazwa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki, na sehemu ya wastani inaendelea kuhesabiwa. Minnesota Wild walifanya hivyo Julai 2021 kwa Zach Parise na Ryan Suter, waliokuwa na mikataba pacha ya miaka 13 na dola milioni 98. Misimu ya 2023-24 na 2024-25 wawili hao walikula milioni 14.7 za dari ya Minnesota bila hata mmoja wao kuichezea. Sababu moja ya kufanya hivyo ilikuwa kukimbia marejesho ambayo yangekuja kama wangestaafu wenyewe baadaye.

Hatua ya nne: tafuta nani anahitaji sakafu

Mzigo ukithibitika, klabu haikai kulia. Inatafuta klabu maskini. Kumbuka sakafu: klabu isiyotaka kutumia fedha lazima bado ifikishe kiasi cha chini, na njia rahisi ni kuchukua mkataba wenye wastani mkubwa na mshahara mdogo au usiokuwepo kabisa. Tim Thomas alipelekwa New York Islanders Februari 2013, bila kukanyaga barafu yao. Pronger alipelekwa Arizona Coyotes Juni 2015: wastani milioni 4.9, mshahara chini ya dola 600,000. Wakati huo alikuwa tayari mwajiriwa wa ofisi ya ligi inayotoa adhabu kwa wachezaji, na Novemba mwaka ule akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Hoki, bado akiwa kwenye orodha ya wachezaji wa Arizona. Hossa akafuata Arizona 2018. Weber akapitia Vegas 2022, naye akaishia Arizona 2023. Klabu ile ilikuwa makaburi ya mikataba mpaka ilipohamia Salt Lake City 2024.

Jambo moja usilisahau: unaweza kuuza mkataba, huwezi kuuza marejesho. Mchezaji akishasema "nastaafu", mzigo umeganda kwa waliofaidi. Kwa hiyo biashara hufanywa kabla ya neno hilo kutamkwa.

Bei yake hupimwa kwa nafasi za kuchagua chipukizi. Datsyuk ndiye kipimo. Juni 24, 2016, siku ya drafti, yaani klabu zinapochagua chipukizi hao kwa zamu, Detroit iliipa Arizona mkataba wake pamoja na nafasi ya 16. Ikapokea nafasi ya 20, nafasi ya 53 na mchezaji Joe Vitale. Kwa ufupi, kuondoa milioni 7.5 kuliigharimu Detroit kushuka ngazi nne, na bado ikapewa chenji. Arizona wakatumia nafasi ya 16 kumchukua beki Jakob Chychrun. Detroit wakamchukua Dennis Cholowski, na kwa ile ya 53, Filip Hronek. Ukiuliza nani alipata zaidi, jibu linategemea unampenda Hronek kiasi gani.

Kovalchuk mara ya pili

Nimeahidi kumrudia. Zoezi hili lifanye mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Kovalchuk alizaliwa Aprili 15, 1983. Baada ya miaka mitano Urusi alirudi NHL Julai 2018, akasaini na Los Angeles Kings miaka 3 ya dola milioni 18.75. Desemba 2019 wakakubaliana kuvunja mkataba. Kings walibaki na nini?

Juni 30, 2018 alikuwa na miaka 35. Mkataba ni wa zaidi ya mwaka mmoja, na umesainiwa kabla ya kanuni kulegezwa. Umenasa. Urefu na umbo la malipo havina haja ya kutazamwa tena. Kuvunja kwa hiari hakusaidii. Wastani, 18.75 gawa kwa 3, ni milioni 6.25, na Kings waliendelea kuuhesabu mpaka mwisho wa 2020-21, wakati Januari 2020 yeye alikuwa tayari Montreal kwa mshahara wa dola 700,000. Mtu mmoja, ameondoka kabla ya wakati mara mbili. Alipovunja miaka 12 iliyobaki aliacha dola 250,000 kwa mwaka. Alipovunja mwaka mmoja na nusu aliacha milioni 6.25.

Hatua ya tano, ambayo watu huiruka

Ukishapata namba, angalia klabu ilifanya nini na nafasi iliyookoa, maana hapo ndipo utajua kama ile biashara ya kumuuza mzee ilikuwa na maana. Detroit walihangaika kumtoa Datsyuk wiki ileile ambayo Steven Stamkos wa Tampa Bay Lightning alikuwa karibu kuwa mchezaji huru. Juni 29 Stamkos akasaini kubaki Tampa. Julai 1 nafasi ya Datsyuk ikamwangukia Frans Nielsen, mwenye miaka 32: miaka 6, dola milioni 31.5, wastani milioni 5.25. Julai 2021, mkataba ukiwa umebakiza msimu mmoja, Detroit ikamlipa Nielsen aondoke, na jina lake likabaki kwenye hesabu zao misimu miwili.